Polaraizesheni ya FRB: unajuaje wimbi limetoka kwenye nini kwa kuangalia limelala upande gani?

fundi_dishi_moro

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi madishi hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu nashinda juu ya mabati ya watu, shule niliishia fomu foo, fizikia niliipenda sana ila maisha yakanipeleka huku, kwahiyo atakaenijibu naomba ashuke kidogo nimfate.

Juzi nilikua nasikiliza kipindi kuhusu hii milipuko ya haraka ya redio, hizi wanaita FRB, kwamba ni mawimbi ya redio yanakuja milisekunde chache tu afu kimya, na yanatoka galaksi za mbali huko mabilioni ya miaka ya nuru. Mpaka hapo nilikua nasikiliza kama wengine. Asa jamaa akasema moja ya vitu vilivyowapa wanasayansi mwanga kuhusu chanzo chake ni polaraizesheni ya hayo mawimbi, yaani wimbi limelala upande gani. Nikaacha sahani nikasogeza simu sikioni, maana polaraizesheni ndo inanipa ugali.

Kwa wasioijua kazi yetu: unakuta dishi umeshalilenga vizuri, mita inalia, ila kwaliti iko 30 imegoma. Unalegeza skrubu ya shingo ya LNB, kile kichwa cha kupokelea signo mbele ya dishi, unaizungusha taratibu kama unafungua kifuniko cha chupa ya dawa, nyuzi tano, nyuzi kumi, mara kwaliti inaruka 78. Hujasogeza dishi hata nywele. Umefanya tu kile kisindano cha ndani ya LNB kilale vile wimbi lilivyolala. Wimbi linakuja limesimama (V) au limelala (H), risiva inapeleka volti 13 kuchagua V na volti 18 kuchagua H, basi. Na aliyeamua V au H ni yule aliyeitengeneza satelaiti.

Kwahiyo maswali yangu. Kwanza, huko kwenye FRB nani kaamua wimbi lilale vipi? Pili, wimbi limesafiri miaka bilioni tatu, si litakua limeshapinduliwapinduliwa huko njiani hadi haijulikani lilianzaje? Tatu, hata ukijua limelala hivi, unatokaje hapo hadi kusema limetoka kwenye kitu fulani? Mimi nikikuta V siwezi kukwambia satelaiti ina rangi gani.

---

mwl_mawimbi

Mkuu karibu, na usijishushe, mtu aliyezungusha LNB miaka 11 ameishika hii mada kwa mkono, wanafunzi wangu wengi wanaijua kwa kukariri tu. Mimi nafundisha fizikia advansi na hizi FRB nazifatilia toka 2018.

Naanza na swali la pili kwasababu ndani yake kuna nusu ya jibu la tatu.

Ni kweli wimbi linazungushwa njiani, ila linazungushwa kwa kanuni na ukiijua kanuni unaweza kuhesabu limezungushwa kiasi gani. Anga za juu si tupu, kuna elektroni zinazoelea na kuna nguvu ya sumaku. Wimbi lililolala upande mmoja likipita kwenye elektroni zilizo ndani ya sumaku, na hiyo sumaku ikawa imelala kufuata njia ya wimbi, basi ule ulalo wake unajipinda kidogokidogo kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Michael Faraday aliliona jambo hili mwaka 1845, yeye alitumia mwanga uliopita kwenye kioo kizito akiwa ameweka sumaku. Kiasi cha kupinda kinategemea elektroni ni ngapi, sumaku ina nguvu gani, na urefu wa wimbi ukizidishwa kwa wenyewe. Yaani wimbi likiwa refu mara mbili linapindwa mara nne.

Na hili unalifanyia kazi bila kuambiwa. Kile kipande cha plastiki mnachochomeka kwenye LNB ya C band kwa ajili ya chaneli za mzunguko, zile za R na L ambazo wimbi linakuja likizunguka kulia au kushoto, umeshawahi kujiuliza kwanini C band wengi walirusha kwa mzunguko na Ku wakarusha V na H? Sababu mojawapo ndo hii. Hewa yetu ya juu kabisa, ile ionosfia, ina elektroni na dunia yenyewe ni sumaku, kwahiyo wimbi la gigahezi 4 (C band) linapindwa nyuzi kadhaa na kiasi kinabadilika mchana na usiku, wakati la gigahezi 12 (Ku) haliguswi kiasi cha kukusumbua. GPS iko gigahezi 1.5 ndo ingeumia zaidi, kwahiyo ikarushwa ya mzunguko ili ikipindwa isijali.

Wanaastronomia wana namba ya kupimia huo upindaji wanaiita RM. Ionosfia yetu RM yake kawaida ni tarakimu moja. Ukikatiza galaksi yetu unapata makumi, sehemu nyingine mamia. Mwaka 2015 ndo FRB ya kwanza ikapimwa RM, ile FRB 110523 kwa dishi la Green Bank kule Marekani, ikatoka hasi 186. Hasi maana yake sumaku imeelekea kule, inatukimbia, chanya inatujia. Sehemu kubwa ya hiyo 186 haikuweza kuwa ya galaksi yetu, kwahiyo tayari ikaonekana huko ilikotoka kuna mazingira yenye sumaku.

Asa ije FRB 121102. Hii ilidakwa na dishi la Arecibo kule Puerto Rico tarehe 2 Novemba 2012, 2016 ikajulikana inajirudia, 2017 wakaitafuta kwa madishi ya VLA kule Marekani wakaipata imekaa kwenye kagalaksi kadogo, kama miaka ya nuru bilioni tatu kutoka hapa. Kila wakiitafutia polaraizesheni kwenye gigahezi 1.4 wanapata sifuri. Wimbi linaonekana halijalala upande wowote. Ukisoma hapo unaweza ukasema basi chanzo chake ni kitu cha fujo kisicho na mpangilio.

Baadae wakahamia masafa ya juu, gigahezi 4.1 hadi 4.9. Januari 2018 matokeo yakatoka: polaraizesheni ya mstari karibu asilimia 100. Mia! Na RM yake kama 103,000. Sijakosea sifuri, ni laki moja na elfu tatu.

Kwanini kwenye 1.4 hawakuona kitu? Hapa chukua kalamu mkuu, utafurahi. Darubini inagawa masafa kwenye vijichaneli, tuseme kila kimoja nusu megahezi. Kwenye 1.4 wimbi lina urefu wa sentimita 21. Kwa RM ya laki moja, pembe ya ulalo inazunguka kama nyuzi 188 ndani ya kijichaneli kimoja, toka ukingo huu hadi ukingo ule. Yaani ndani ya chaneli moja una wimbi lililosimama, lililolala, na yote ya katikati, ukijumlisha yanafutana unapata sifuri. Kwenye 4.5 wimbi ni sentimita 6.7, kijichaneli kilekile pembe inazunguka chini ya nyuzi 6. Haifutiki. Kwahiyo polaraizesheni ilikuwepo siku zote, mapipa ya kuchotea ndo yalikua mapana mno.

Asa maana yake. RM ya laki moja inahitaji sumaku yenye nguvu mamia ya mara kuliko ile ya kawaida iliyotapakaa kwenye galaksi yetu. Afu miezi saba baadae RM ikawa imeshuka kama asilimia 10 wakati idadi ya elektroni njiani (hiyo wanaipima kivyake kwa kuangalia masafa ya chini yanachelewa kiasi gani nyuma ya masafa ya juu) haijabadilika kwa kiasi hicho. Galaksi nzima haibadiliki kwa miezi saba. Kilichobadilika ni kitu kidogo kilicho jirani kabisa na chanzo. Kwahiyo bila kuona picha yoyote tukajua hiki kitu kinaishi ndani ya wingu zito lenye sumaku kali linalotembea au linalotanuka. Kitu cha karibu kufanana nacho tunachokijua ni ile magneta (mabaki mazito ya nyota iliyokufa, yenye sumaku kali mno) iliyogunduliwa 2013 pembeni ya shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, RM yake ni kama hasi 67,000. Ndo maana wengine wakasema 121102 iko jirani na shimo jeusi kubwa, na wengine wakasema ni magneta changa iliyo ndani ya mabaki ya nyota iliyolipuka karibuni.

Umeona swali lako la tatu lilivyojibiwa nusu? Kule kupindwa njiani kulikokutia wasiwasi ndo kunatupa habari za njia.

---

kijana_wa_pongwe

Samahani hii si ndo ile stori waligundua ni maikrowevu ya jikoni?

---

mwl_mawimbi

Hapana mdogo wangu, ile ni nyingine, wanaita peritoni, zilidakwa Parkes kule Australia na 2015 ikathibitika ni watu kufungua mlango wa oveni kabla haijamaliza. FRB zenyewe zimedakwa na darubini za mabara tofauti na nyingi zimeshajulikana ziko galaksi ipi. Ila swali zuri maana hata wenyewe walilihangaikia.

---

fundi_dishi_moro

Mwalimu Mungu akubariki. Nimekaa na kalkuleta ya simu hapa. Kwahiyo toka gigahezi 4.1 hadi 4.9, hapo jirani kabisa na dishi langu la C band la futi sita, lile wimbi linazunguka mzima mzima zaidi ya mara 25? Nimerudia hesabu mara tatu. Mimi nikikosea nyuzi 10 kwaliti inakufa!

Na hilo la mapipa mapana limeniingia kabisa. Kuna siku nilipata kazi nyumba moja, kwaliti haisomi kabisa, nikahangaika na mwelekeo masaa mawili kwenye jua, kumbe dishi lilikua sawa toka mwanzo, LNB ndo ilifungwa imegeuka karibu nyuzi 45 na fundi aliyenitangulia, V na H zinaingia zote nusu nusu. Signo ilikuwepo muda wote.

Ila asa nimebaki na moja linanisumbua. Umesema upindaji unatuambia habari za njia, za jirani na chanzo. Sawa. Chanzo chenyewe je? Nani aliyelilaza wimbi mwanzo? Wimbi limezungushwa mara zote hizo, ule ulalo wake wa kwanza si umeshapotea?

---

anga_wazi_nbi

Fundi, salamu kutoka Nairobi. Swali lako hilo la mwisho ndilo mimi hupenda kuliko yote, kwa hivyo wacha nilichukue.

Ulalo wa kwanza haujapotea. Ukichora pembe ya wimbi dhidi ya urefu wa wimbi uliozidishwa kwa wenyewe unapata mstari ulionyooka. Mwinamo wa huo mstari ndio RM, na pale mstari unapogonga sifuri ndio pembe ambayo wimbi lilikuwa nayo kabla ya kupindwa. Hapo unaurudisha nyuma upindaji wote, ni kama kufungua skrubu uliyohesabu mizunguko yake.

Lakini kuna kitu kizuri zaidi na nataka ukishike. Pembe yenyewe, kwamba ni nyuzi 20 ama nyuzi 70, kusema kweli haitusaidii sana, sababu hatujui huko kwao juu ni wapi. Kinachosaidia ni pembe inabadilika vipi ndani ya ule mlipuko mmoja, toka milisekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Njia inazungusha mwanzo wa mlipuko na mwisho wa mlipuko sawasawa, sababu hakuna wingu la angani linabadilika kwa milisekunde mbili. Kwa hivyo tofauti ya pembe kati ya mwanzo na mwisho, hiyo njia haiwezi kuitengeneza. Hiyo ni ya chanzo. Tenganisha hizo mbili kichwani: kuzunguka kulingana na masafa ni habari ya njia, kuzunguka kulingana na wakati ni habari ya mwenyewe aliyetuma.

Sasa mwenyewe ni nani. Fikiria pulsa, nyota ya nyutroni, kitu kizito kushinda jua letu lakini upana wake ni kama nusu tu ya njia ya kutoka hapa Nairobi CBD hadi Thika hivi. Inajizungusha na ina sumaku kali sana, na mistari ya sumaku inatoka kwa ncha zake kama nywele zilizosimama. Mawimbi ya redio yanatoka karibu na ncha, na ulalo wa wimbi unafuata mstari wa sumaku wa pale lilipotokea. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: anayeamua wimbi lilale vipi ni mistari ya sumaku. Sasa nyota ikizunguka, hiyo ncha inatupitia mbele kama taa ya mnara wa bandarini. Inapoanza kutupitia tunaona mistari imeinama upande huu, ikifika katikati imenyooka, ikimalizia imeinama upande ule. Ukichora pembe dhidi ya wakati unapata umbo la herufi S. Mwaka 1969 Radhakrishnan na Cooke walilieleza hilo kwa pulsa ya Vela, na tangu hapo ukiona hiyo S unajua unatazama kitu kinachozunguka na kina sumaku.

Watu wakangoja miaka kuona hiyo S kwenye FRB. Tarehe 22 Oktoba 2022 darubini ya CHIME huko Kanada ikadaka mlipuko mmoja, FRB 20221022A, kutoka galaksi iliyo kama miaka ya nuru milioni 200. Ulidumu kama milisekunde 2.5, na ndani ya hizo pembe ikazunguka nyuzi 130 hivi, kwa umbo la S safi. Matokeo yakachapishwa mwanzoni mwa 2025. Mimi nilipoiona ile grafu mara ya kwanza nilinyamaza tu nikaiangalia. Nukta zinapanda pole pole, halafu ghafla katikati zinakimbia, halafu zinatulia tena. Kitu kimoja kilizunguka mbele yetu mara moja, na tukaona kona yake ikipita.

Na kundi lingine likachukua mlipuko huo huo wakatumia njia tofauti kabisa, ile ya kumetameta, vile nyota humetameta ukiitazama kwa macho lakini sayari haimeti, sababu nyota inaonekana kama nukta na sayari ina upana. Wakapata kwamba eneo lilitoa ule mlipuko halizidi kilomita elfu 30 kwa upana. Kuna wale walikuwa wanasema FRB zinatokea mbali na nyota, pale nyota inatapika upepo na huo upepo unagonga gesi iliyoko mbele, lakini hiyo ingehitaji eneo kubwa zaidi. Kwa hivyo kwa huu mlipuko, njia mbili tofauti zinasema jambo moja: ulitokea ndani kabisa, ndani ya himaya ya sumaku ya nyota yenyewe.

---

mzee_wa_spektra

Dada wa Nairobi umeeleza vizuri sana na sina la kupinga kwenye huo mlipuko. Nataka tu fundi asiondoke akidhani kesi imefungwa kwa FRB zote, kwasababu nimeona watu wengi wakichukua hiyo S moja wanaitandika juu ya zote.

FRB nyingi zinazojirudia, 121102 yenyewe na ile FRB 20180916B inayoamka kila baada ya siku 16.35, pembe yake ndani ya mlipuko haichezi kabisa. Imenyooka kama meza. Walioamini kwamba mawimbi yanatoka mbali na nyota waliitumia hiyo kama ushahidi wao, wakisema kama ingekua inatoka karibu na nyota tungeona S. Afu 2020 dishi la FAST kule China, lile la mita 500, likaitazama FRB 20180301A, inajirudia pia, wakakuta mlipuko huu pembe inapanda, huu inashuka, huu imetulia, na chanzo ni kilekile. Hilo upepo unaogonga gesi unapata shida kulieleza, ila himaya ya sumaku inaweza, na inaweza pia kueleza zilizonyooka kama mstari wetu wa kutazama unapita vizuri au nyota inazunguka polepole. Kwahiyo mimi binafsi naegemea upande wa himaya ya sumaku, na hasa magneta, maana tarehe 28 Aprili 2020 magneta moja ya humu humu kwenye galaksi yetu, SGR 1935+2154, ilitoa mlipuko unaofanana na FRB, CHIME na antena za STARE2 za Marekani wote wakaudaka. Lakini kuegemea ni kuegemea.

Na kuna polaraizesheni ya mzunguko, fundi, ile yako ya R na L. FRB 20201124A ilitazamwa na FAST, milipuko zaidi ya 1,800, na baadhi ya milipuko ilikua na mzunguko hadi asilimia 75. Hiyo ni nyingi mno. Inaweza ikawa inazaliwa hivyo kwenye chanzo, au ikawa ilizaliwa ya mstari afu wingu la jirani likafanya kazi kama kile kipande chako cha plastiki, likageuza mstari kuwa mzunguko. Kutofautisha hizo mbili ni kazi inayoendelea.

Sasa kuhusu jirani wa chanzo, hapo kuna jambo jipya ambalo kwangu ndo tamu kuliko S. FRB 20190520B, imekaa kwenye kagalaksi kadogo kama 121102, RM yake iligeuka alama. Ilikua chanya maelfu kumi hivi, ndani ya miezi ikawa hasi zaidi ya elfu kumi, afu ikarudi tena. Parkes na Green Bank ndo waliifuatilia. Fikiria maana yake: mwanzo sumaku iliyoko njiani ilikua inatujia, ikawa inatukimbia, ikageuka tena. Wingu la mlipuko wa nyota linalotanuka linapunguza RM taratibu, kugeuza alama hivyo mara mbili ni vigumu. Ila kuna pulsa moja humu kwenye galaksi yetu, PSR B1259-63, inamzunguka nyota mkubwa kila baada ya miaka 3.4 hivi, na kila ikimkaribia inaingia kwenye upepo wake na RM inaruka na kugeuka alama. Kwahiyo kuna uwezekano mkubwa FRB 20190520B haiko peke yake, ina mwenza.

Na FRB 20220529 ndo ikanimaliza. Zaidi ya mwaka mzima RM yake ilikua inachezacheza karibu na sifuri, juu chini mia moja hivi. Desemba 2023 ikaruka hadi karibu 2,000, na ndani ya wiki mbili ikarudi ilikokua. Wiki mbili tu. Kama wingu zito la plazma (gesi yenye elektroni zilizoachana na atomi) limekatiza mbele ya chanzo likapita zake. Jua letu linatapika mawingu ya namna hiyo, kwahiyo maelezo wanayoyapa nguvu ni kwamba kuna nyota mwenza ametapika wingu lake na likapita kwenye mstari wetu. Tunaona hali ya hewa ya nyota ambayo hakuna darubini inayoweza kuiona yenyewe, kwa kuangalia wimbi limepindwa nyuzi ngapi.

Upande wa pili kabisa kuna FRB 20200120E, hii iko jirani sana, galaksi ya M81, kama miaka ya nuru milioni 12. RM yake ni ndogo, hasi 30 hivi, na imekaa kwenye kifungu cha nyota wazee sana ambako nyota kubwa za kulipuka ziliisha zamani. Hakuna wingu, hakuna mabaki mapya. Kama hiyo nayo ni magneta, basi imezaliwa kwa njia nyingine, labda nyota mbili zilizokufa zikagongana zikaungana. Kwahiyo fundi ukiulizwa FRB zinatoka wapi, kwa polaraizesheni peke yake unaweza kusema injini zinaelekea kufanana, ila nyumba zinazokaa hazifanani hata kidogo.

---

fundi_dishi_moro

Nimesoma majibu yote mara mbili mbili, mke wangu ameuliza kama nimepata kazi mpya. Asanteni sana, mwalimu, dada wa Nairobi na mzee wangu.

Nilichoshika: nikigeuza masafa nikaona pembe inazunguka, hiyo ni njia. Nikikaa kwenye masafa yaleyale nikaona pembe inazunguka wakati mlipuko unapita, hiyo ni nyota yenyewe. Na nikirudi mwezi ujao nikakuta ule mzunguko wa masafa umebadilika, kuna kitu kimetembea jirani na nyota.

Sasa la mwisho na msinicheke, dishi langu la futi sita na LNB ya C band, kuna siku linaweza kusikia FRB?

---

anga_wazi_nbi

Hakuna wa kukucheka, hilo swali liko na maana. Kwa zile za galaksi za mbali hapana, zinatufikia zikiwa hafifu sana, Arecibo lilikuwa mita 305. Lakini ile ya magneta ya galaksi yetu ya Aprili 2020 ilikuwa na nguvu sana hadi STARE2, ambayo ilikuwa ni antena ndogo ndogo tu za kutazama anga lote kule Marekani, zilizowekwa sehemu tatu, zikaidaka. Antena hizo hazikuwa na hata dishi la kujivunia. Zilikuwa masafa ya chini kuliko yako, karibu gigahezi 1.4, na kazi kubwa ilikuwa kuwa na saa sahihi na kurekodi bila kuchoka.

Na kuna jambo lingine litakufurahisha kama fundi. Huko Ghana, Kuntunse, kulikuwa na dishi la mita 32 la mawasiliano ya satelaiti, la C band kama yako, lilibaki bila kazi baada ya nyaya za baharini kuja. Wakaligeuza likawa darubini ya redio, likazinduliwa 2017. Kenya pia iko kwa huo mpango wa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini, na nchi kadhaa ziko na haya madishi makubwa ya zamani yamesimama tu. Mafundi walioligeuza lile la Kuntunse walianza na kutu, beringi za kuzungushia na mota zake, halafu wakafika kwa mdomo wa kupokelea. Kazi unayoijua.

---

fundi_dishi_moro

Mita 32. Mimi kubwa nililowahi kufunga ni futi kumi na mbili, la hoteli, tulikua watu sita kulipandisha.

Dada hilo la mdomo wa kupokelea naomba siku ukipata nafasi ufungue uzi wake. Kwenye LNB yangu nina kisindano cha V na kisindano cha H nachagua kimoja kwa volti. Hao nahisi lazima wasome vyote viwili kwa pamoja, vinginevyo hiyo pembe wataipataje.

---

anga_wazi_nbi

Wanasoma vyote viwili kwa pamoja, kila sampuli, na wanatunza pia tofauti ya muda kati yao, hapo ndipo R na L zinatokea. Umefika mwenyewe bila kuambiwa. Nitafungua uzi wikendi hii.